DX Nyeupe na Akina Mama wa Alhamisi

Watu wa Roret hawakuwahi kukubaliana gari la Kepher lilikuwa rangi gani. Logbuku ilisema nyeupe, na Kepher alikuwa tayari kuitoa kwenye mfuko wake wa plastiki akuonyeshe kwa kidole. Lakini akina mama wauza ndizi walisema ni rangi ya siagi. Vijana wa bodaboda walisema ni rangi ya meno ya mzee wa ugoro. Kiptanui, mwenye ploti, ambaye maneno yake yalikuwa machache lakini kila moja lilikuwa na mwiba, alisema ni chai iliyosahaulika kikombeni tangu juzi.

"Papa Molly," alimwambia Kepher asubuhi moja kwa jina la mtoto wake, kwa ule ulimi wake unaogeuza b kuwa p na g kuwa k, mswaki ukiwa bado mdomoni, "wakati ulinunua hii kari, ilikuwa nyeupe ama uliambiwa tu?"

Kepher alicheka. Ukiwa na deni la kodi ya nyumba, mwenye nyumba akitania unacheka. Jerusa, mkewe, alikuwa anaanika nguo kwenye kamba, na yeye hakucheka. Alikuwa anahesabu siku. Leo Jumatatu. Ijumaa Matroni angekuja.

Kepher alikuwa mtu wa draya katika kiwanda cha chai, yule anayekausha majani mpaka yanalia mkononi, na alijua kazi hiyo kwa kunusa tu. Mashine za kuchuma zilipoingia shambani, watu wakapunguzwa, wa shamba kwanza, wa kiwanda baadaye. Alitoka na cheti cha shukrani, mkebe wa majani na hiyo Toyota DX aliyokuwa ameinunua akiwa bado na mshahara. Mwezi wa tano huu alikuwa nyumbani, na mwanamume akikaa nyumbani miezi mitano, hata kuku wanaanza kumzoea.

Sasa Matroni Sally, aliyestaafu akafungua kliniki ya uzazi nyuma ya soko, alitaka gari la kuwaleta akina mama kutoka vijijini, na kuwapeleka hospitali ya Kaplong mambo yakiwa magumu. Aliipenda DX kwa sababu ilikuwa ndefu nyuma, mtu analala akanyoosha miguu. Kazi ya mwezi kwa mwezi, mafuta juu ya kliniki. Alikuwa na sharti moja tu.

"Mama akiwa na uchungu hataki kuingizwa kwa gari inakaa kama ya kubeba kabichi," alimwambia Kepher. "Nataka nyeupe. Nyeupe ya hospitali. Ijumaa saa tatu nakuja kuiangalia, na ikiwa sawa, mchoraji anaandika jina la kliniki kwa mlango hiyo hiyo siku."

"Itakuwa nyeupe, Matroni."

"Nyeupe, Baba Molly. Si hii."

*

Jumanne walienda Kaplong, mume na mke, kwa fundi wa rangi aliyeitwa Muchiri. Alikuwa kijana wa maneno mengi, ovaroli lake lina kila rangi iliyowahi kupita mjini hapo. Aliwangojesha kwanza. Kulikuwa na mwenye Prado aliyekuja na mkwaruzo mdogo kama ukucha, na Muchiri akamhudumia huyo kwa dakika arubaini, huku Kepher na Jerusa wakisimama kama watu waliokuja kuomba maji. Jerusa alichoka akaegemea gari lililokuwa karibu.

"Mathe, usiegemee hiyo," Muchiri akaita bila kugeuka. "Ni ya mtu."

Jerusa akasimama wima. Alijisikia kama hata yeye ni wa mtu, ila hajui ni nani.

Zamu yao ilipofika, Muchiri aliizunguka DX akiipapasa kama mnunuzi wa ng'ombe. Halafu akachukua kitambaa laini, akakipaka kompaundi kidogo, ile dawa ya kung'arisha rangi, akasugua mlango kwa mizunguko midogo midogo, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Alipofuta, palibaki mahali pa ukubwa wa sahani ambapo gari lilikuwa jeupe. Jeupe kabisa. Jerusa aliweka mkono kifuani.

"Mnaona? Rangi haijakufa, mzae. Imelala," Muchiri alisema. "Jua imeichoma, na moshi ya kiwanda pia, lakini ni juu juu. Sasa sikizeni. Hii kitu ni ya zamani, imekonda kama ule utando wa maziwa. Ukiiharakisha unapasua, na huko chini hakuna nyeupe. Huko chini ni praima, ile rangi ya msingi, na ni ya kijivu. Kitambaa tu, mkono mwepesi, na usichoke."

"Na kuipiga rangi upya?" Kepher aliuliza.

Muchiri akataja bei. Kepher akatazama viatu vyake, akakohoa.

"Basi hiyo tuiwache ikae," Muchiri alisema, na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akawapa nusu mkebe wa kompaundi uliobaki. "Kuja Alhamisi nitakuwa na ingine. Utanilipa ukianza kazi."

Jumatano nzima Kepher alisugua. Alipiga magoti kando ya gari kama mtu wa maombi, na kufikia jioni milango yote miwili ya upande wa dereva ilikuwa imeamka. Watu waliokuwa wanapita walipunguza mwendo. Hata Kiptanui alikuja, akatazama, akakosa neno la kuchoma, akarudi kwake. Kompaundi ikaisha hapo. Zilibaki boneti, fenda za mbele juu ya magurudumu, upande wa abiria na paa.

"Paa tuiwache," Kepher alisema, na Jerusa akasikia furaha kwenye sauti yake kwa mara ya kwanza tangu kiwandani. "Matroni ni mfupi."

*

Alhamisi Kepher aliondoka mapema kwenda Kaplong. Alimwambia Jerusa neno moja tu: "Mtu asiiguse."

Saa nne asubuhi akina mama wa kanisa wakaingia.

Mtu wa Roret hahitaji kuelezwa akina mama wa Alhamisi ni nani. Kila wiki huchagua boma moja lenye shida, huja wakiwa wanane au tisa na unga na mboga na sukari, na hawaondoki mpaka wamemaliza kila kazi ndani yake. Wanafua, wanapasua kuni, wanapiga deki, na sufuria, hizo ndizo jina lao. Wanazisugua kwa stilwuli, ule waya wa kusugulia, na majivu mpaka mwanamume anaweza kujitazama kwenye kitako cha sufuria akinyoa ndevu. Mwenye nyumba siku hiyo hukaa. Hiyo ndiyo sheria. Hasemi hiki fanyeni, hiki acheni. Akikataa kitu anaambiwa ana kiburi, na habari ya kiburi hufika sokoni kabla ya mboga. Jerusa aliijua sheria hiyo kwa sababu miaka mingi alikuwa mmoja wao, akiingia kwa boma za watu na unga wake kichwani. Hakuwahi kufikiri mwenye nyumba hujisikiaje.

"Jerusa!" Mama Quinter, kiongozi wao, alisimama mbele ya DX mikono kiunoni. Alikuwa mama mkubwa wa sauti na wa moyo, na pakiti mbili za unga zilizoilisha nyumba hii mwezi uliopita zilitoka mkononi mwake. "Na hii gari? Mbona upande mmoja kumekucha na ule mwingine bado ni usiku?"

Wote wakaangua kicheko.

"Ni Baba Molly anaisafisha, mama. Matroni anakuja kesho kuiangalia, kama itafaa kazi."

"Kesho? Na yeye ako wapi?"

"Ameenda Kaplong kuleta dawa yake."

"Dawa ya gari!" Mama Quinter alipiga makofi. "Wanaume, yaye! Uchafu uko hapa, maji iko hapa, wanawake wanane wako hapa, yeye anaenda Kaplong."

Nyambeki, mmoja wao, alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya sweta. Alikuwa mama mwembamba, lakini mikono yake ilikuwa ya kusaga mawe. "Hii ni masizi tu," alisema, akikwaruza boneti kwa ukucha. "Mimi nimetoa masizi ya sufuria ya harusi ya watu mia nne. Leteni majivu."

"Mama, hapana," Jerusa alisema. "Fundi alisema polepole. Alisema kitambaa tu, kwa sababu hii rangi..."

"Fundi akikuambia ni rahisi, utamlipa?" Nyambeki akamkatiza.

Kicheko kingine. Jerusa naye akajikuta anatabasamu, kwa maana wanawake wanane wakicheka mbele yako, uso wako haukungoji.

"Mama Quinter, kwa kweli Baba Molly alisema mtu..."

"Jerusa." Sauti ya mama ilikuwa laini sasa, na ulaini huo ndio uliomfunga. "Tumeona vile mnaishi. Usione haya. Leo si siku yako ya kufanya kazi, wewe enda utuwekee chai."

Akaenda. Nini kingine? Aliinama kwenye jiko akapuliza moto uliokuwa unawaka vizuri. Nje walianza wimbo, ule wa kupanda mlima, na chini ya wimbo akasikia waya ikiuma bati, kwaru, kwaru, kwaru, mikono minane ikifuata mapigo. Alisimama. Akaketi. Akasimama tena. Alitafuta maneno ya kuwazuia watu waliokulisha, akatafuta kwa Kiluo cha kwao, akatafuta kwa Kiswahili, hakuyapata. Maziwa yakafurika yakazima nusu ya moto, ndipo akatoka.

Boneti ilikuwa nyeupe.

Ilikuwa imelowa na inang'aa, nyeupe kuliko ile milango ya Kepher, nyeupe kama shati la kwanza la shule. Maji ya rangi ya uji yalikuwa yanatiririka hadi kwenye nyasi.

"Haya," Nyambeki alisema, akihema, povu hadi viwiko. "Sema sasa na huyo fundi wako."

Jerusa alihisi kitu kikubwa kikimshuka mabegani. Labda fundi alikuwa anajitafutia kazi tu. Labda mambo si magumu vile wanaume huyafanya yawe. Na hapo ndipo alipofanya lile ambalo hangeweza kulisimulia: alichukua kipande cha stilwuli kwenye beseni, akainama, akasugua fenda moja yeye mwenyewe, akiimba.

*

Walikunywa chai ndani, wamebanana kwenye viti na kitandani, na hadithi zikawa tamu. Binti wa fulani alikuwa ameolewa Sigor na mtu ambaye hakuwa na hata jembe. Mtu fulani alikuwa amepaka nyumba rangi na mama yake bado analala jikoni. Ukungu wa asubuhi uliisha na jua la huku kwetu likatoka, lile linalotoka kwa saa moja tu lakini linatoka na hasira.

Jerusa alitoka kwenda kumwaga majani ya chai. Gari lilikuwa limekauka.

Weupe ulikuwa umeondoka na maji yaliyokuwa yakificha kila kitu. Boneti ilikuwa imechujuka kama chokaa, imejaa mikwaruzo ya mviringo kama mahali kuku walipochakura. Pembeni, na pale katikati panapoinuka, kijivu kilikuwa kimechomoza kama mfupa kwenye goti lililochunika. Fenda aliyoisugua yeye ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Aliweka kidole, kikatoka na unga mweupe.

Alirudi ndani akawaongezea chai.

Kepher aliwakuta wanatoka. Alisimama langoni, mkebe mpya umefungwa gazeti mkononi, na akina mama wakamzunguka kwa vigelegele.

"Baba Molly, hiyo kazi umepata!" Mama Quinter alisema. "Tungemaliza na upande ule mwingine lakini stilwuli imeisha."

Hawakuwa wanaona? Jerusa alijiuliza baadaye mara nyingi. Nafikiri waliona gari lililosuguliwa, na kwao kitu kilichosuguliwa ni kitu safi. Kepher alimtazama mkewe. Jerusa alitazama chini.

"Baba, tupe neno moja kabla tufunge na maombi," Mama Quinter alisema. "Wewe ndiye kichwa cha boma."

Kepher alivua kofia. "Mama zangu," alianza. "Mmewacha kazi kwenu mkakuja kwangu. Mmeshika gari yangu kama ni yenu." Akaigeuza kofia mikononi. "Mungu awazidishie."

"Amen!"

Waliomba wakiwa wameweka viganja juu ya boneti. Walipoondoka, Nyambeki alipangusa kiganja chake kwenye leso, na leso ikabaki na alama nyeupe. Hakuitazama mara mbili.

"Ulikuwa wapi?" Kepher aliuliza walipobaki wawili.

"Nilikuwa hapa."

"Ukasema nini?"

"Nikasema polepole."

"Na wao?"

"Wakasema niweke chai."

Kepher aliinama juu ya fenda. Alipitisha kidole kwenye kile kijivu, mbele na nyuma. Halafu akaitazama mikono ya mkewe, na Jerusa, kabla ya kufikiri, akaificha nyuma. Hilo lilitosha. Hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga. Alichukua simu akapiga picha akamtumia Muchiri, na jibu likaja mara moja, kwa sauti, na wote wawili wakalisikia:

"Mzae, hiyo imefika mfupa. Kompaundi inaamsha rangi, haiwezi rudisha yenye imeenda. Upande haujaguswa uwacheni hivyo, pole sana."

*

Lilikuwa wazo la Jerusa. Ijumaa asubuhi alisema, "Ikiwa na maji ni nyeupe."

Saa tatu kasorobo Kepher alichukua beseni. Walimwaga, na kweli, gari likawa jeupe. Saa tatu Matroni hakuonekana. Pembe zikaanza kukauka, kijivu kikatoka polepole kama jasho. Wakamwaga tena. Saa tatu na nusu wakamwaga tena. Jua lilikuwa limeamua leo ndiyo siku yake.

Kiptanui alitoka akakuta Jerusa anakimbia na ndoo kutoka kwenye tenki.

"Mama Molly, mnaosha kari ama mnaipatiza?"

"Tunaosha tu, mzee."

"Hiyo maji ni ya kunywa." Akafunga bomba la tenki kwa mkono wake mwenyewe, bila hasira, kama anayefunga mlango wa kuku. Akavuta kigoda akaketi atazame.

Ikabaki ndoo moja ya kupikia. Jerusa alikuwa anachovya kitambaa na kugusa pale palipokauka, boneti, fenda, boneti, kama anayemkanda mgonjwa wa homa. Kepher alisimama akitazama barabara. Saa nne na robo Matroni Sally alifika kwa miguu, na mchoraji wa mabango nyuma yake, kopo la rangi nyekundu mkononi.

Alilizunguka gari. Kwenye milango ya dereva alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika mbele alisimama muda mrefu, maji yakikauka mbele ya macho yake. Akaweka kiganja kwenye boneti, akakigeuza, akakitazama, akatoa kitambaa cha mkononi akakipangusa.

"Baba Molly, nini ilifanyika hapa?"

Kiptanui alisogeza kigoda. Kila kitakachosemwa hapa kingekuwa sokoni saa sita. Kepher alifungua mdomo, na Jerusa akaona majina nane yakija hadi kwenye meno yake, na la tisa nyuma yao.

"Ni mimi," Kepher alisema. "Nilisugua vibaya."

"Wewe?" Matroni alitazama milango, akatazama boneti. "Mimi nilipita hapa jana asubuhi nikienda posta. Nikaona hii milango, nikasema huyu ni mtu anajua kushika kitu. Nilikuwa nimeamua. Hata hiyo mbele ikibaki na manjano kidogo, ningesema tutavumilia. Si ndiyo nimekuja na mchoraji?"

Matroni alitazama kopo la mchoraji.

"Lakini sasa mama wa kwanza ataniuliza hii gari iligonga nani."

"Matroni, nipe wiki moja," Kepher alisema. "Nitaipeleka ipigwe rangi. Wiki mbili."

"Na akina mama wangu niwaambie wangoje kuzaa?" Alisema hivyo kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyouma. "Kuna mtu wa Litein ako na Probox. Hata si nyeupe sana, lakini ni rangi moja. Nitaongea na yeye leo." Akamgusa Jerusa begani. "Pole, mama. Umelowa. Badilisha nguo."

Mchoraji aliinua kopo lake akamfuata. Kiptanui akangoja kidogo, kwa heshima, halafu naye akachukua kofia akaelekea sokoni.

*

Alasiri Mama Quinter na Nyambeki walipita wakitoka kununua vitu vya Sabato. Kepher alikuwa ameketi ndani ya DX, mlango wazi, mguu mmoja nje, kama mtu anayengoja abiria.

"Jerusa! Matroni alikuja?"

"Alikuja, mama."

"Akasema?"

Jerusa alitazama nyuso zile mbili. Zilikuwa zimechoka na joto, na zimejaa tumaini safi kabisa. Nyambeki alikuwa ameshaachia midomo tayari kupiga kigelegele.

"Amesema ataangalia."

"Ataangalia!" Mama Quinter aliuma mdomo, akalitazama gari kwa jicho la mpishi. "Ni huu upande wa abiria. Si nilisema? Mtu akiona pahali hapajamalizwa anashuku hata pale pamemalizwa. Nyambeki, nilisema ama sikusema?"

"Ulisema." Nyambeki alifungua kikapu akaonyesha, kati ya nyanya na sabuni, pakiti mpya ya stilwuli. "Nilinunua leo nikikumbuka hii gari."

"Basi Alhamisi tunaanzia hapa. Mapema, kabla ya jua." Mama Quinter alitoa pakiti ya unga kwenye kikapu chake akaisukuma mikononi mwa Jerusa. "Hii ni ya Molly. Ama hamtaki tuje?" akauliza akicheka, vile mtu anavyouliza swali lenye jibu moja.

Ndani ya gari, Kepher hakugeuka. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani.

Jerusa aliipokea pakiti kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama ilivyo adabu.

"Karibuni, mama," alisema. "Karibuni sana."